Mlango wa umeme wa Bukavu: kwa nini transfoma yetu ndogo ilikuwa inaungua kila Jumamosi

Wakuu, nawasalimu wote, wenye mamlaka humu na sisi tunaopita kusoma kimyakimya.

Mimi ni wa kundi la pili. Nasoma, nacheka peke yangu, nafunga simu, nalala. Lakini juzi kuna mkuu mmoja aliuliza kwamba mlango wa otomatiki wa duka lake unaunguza transfoma, kila akiweka mpya inaungua. Watu wakamjibu "weka kubwa zaidi", wengine wakamtania kwamba ananunua za bei ya karanga.

Nilitaka kumjibu kwa mstari mmoja. Nikaandika, nikafuta. Jibu langu ni la zamani sana na lina mama mkwe ndani yake, haliwezi kukaa kwenye mstari mmoja.

Kwa hiyo nimefungua uzi. Haya niliyaona kwa macho yangu, na sehemu kubwa niliishika kwa kiganja cha mkono huu ninaochapia. Asiyeamini asome kama anasikiliza babu anaongea, sitamkasirikia.

Tuanze.

Ni Bukavu, miaka michache kabla ya uhuru. Nilikuwa kijana wa Mwenga, Mrega, nimeacha machimbo ya dhahabu ambako baba yangu na ndugu zake walizeekea. Mimi shimo sikulipenda. Nilipenda kile chumba cha mashine kilichokuwa kinavuma juu ya shimo. Nilikuwa nasimama mlangoni mwake kama mtu aliyeona harusi ya matajiri, mpaka nafukuzwa.

Nikashuka mjini nikapata kazi ya majaribio kwenye karakana moja ya umeme upande wa Nyalukemba. Mwenye karakana alikuwa Mbelgiji, Monsieur Gérard. Alikuwa mwembamba, mkimya, suruali fupi, penseli sikioni. Tulikuwa tunasuka upya mota za viwanda vya chai na kahawa, pampu, na transfoma ndogo za redio.

Kusuka ni nini? Kwa wasiojua: transfoma ni chuma na waya. Unachukua bamba nyembamba za chuma, unazipanga zinakuwa kiini chenye tundu. Kwenye tundu unapitisha koili mbili za waya wa shaba. Umeme mkali unaingia koili ya kwanza, umeme mdogo unatoka koili ya pili. Hakuna kinachozunguka. Kitu kimekaa kimya kabisa, lakini ndani kinafanya kazi. Hiyo ilinishangaza siku ya kwanza na mpaka leo bado inanishangaza, msinicheke.

Sasa kilichokuwa hatarini, ili mjue mapema.

Majaribio yangu yakifaulu, naandikwa kazi. Nikiandikwa kazi, nabaki na nyumba ya vyumba viwili kule Kadutu, mtaa wetu watu weusi, maana nyumba ilifuata kazi. Nikishindwa, nyumba inaondoka. Na mtu mweusi asiye na kazi hakuruhusiwa kubaki mjini hivi hivi, walikuwa wanakurudisha ulikotoka. Mke wangu Nsimire, Mshi wa Mumosho, alikuwa na mimba kubwa, wa kujifungua wakati wowote. Sikutaka mtoto wangu azaliwe njiani tukirudi kwenye shimo.

Basi. Hilo ndilo lilikuwa kichwani mwangu kila nikiamka.

Sasa mlango.

Kulikuwa na mama mmoja Mgiriki, mjane, Madame Irène, ana duka la vitambaa, taa, masufuria na vyombo vya udongo. Duka zuri, kioo mbele.

Miaka yote duka lile lilikuwa na sehemu mbili za kununulia. Wazungu waliingia mlango wa mbele. Sisi tulinunua dirishani, upande wa kichochoro. Unasimama kwenye tope, unaonyesha kwa kidole kitambaa kilichoko ndani, unaletewa, unalipa, unaondoka. Kukigusa kwanza, hapana. Hakuna aliyetutukana. Ilikuwa ndivyo tu, na wengi wetu tulizaliwa tukakuta dirisha lipo.

Halafu nyakati zikaanza kubadilika. Ikasemwa maduka yapokee watu wote mlangoni. Madame Irène akafunga lile dirisha. Alikuwa mfanyabiashara, alijua nani ananunua vitambaa vingi siku ya soko, na si wake wa maofisa.

Wakati huohuo akanunua mlango wa umeme. Kuna hoteli moja upande wa Usumbura, Bujumbura ya leo, ilikuwa inafungwa, wakauza kila kitu, na yeye akaupenda ule mlango. Ukaletwa kwa lori: kioo chenye fremu, reli, mota, sanduku jembamba la bati la kukaa juu ya fremu, na mkeka wa mpira.

Ule mkeka ndio uliokuwa na uchawi. Ndani yake kulikuwa na visahani vya chuma. Ukikanyaga vinagusana, umeme unaenda kwenye mota, mota inasukuma mlango unafunguka na kuushikilia wazi. Ukitoka kwenye mkeka, umeme unakatika, springi inaurudisha mlango taratibu. Basi, hakuna kingine.

Transfoma yake ilikuwa imeshakuwa mkaa. Mlango ulitengenezwa kwa umeme wa nchi nyingine, mtu fulani huko Usumbura akauchomeka kwenye umeme wetu bila kuuliza. Hata kibandiko kiliungua. Hatukujua ilikuwa ya ukubwa gani wala ilikuwa na nyaya ngapi.

Ukiagiza Ulaya unangoja miezi. Na kila transfoma iliyokuwa kwenye rafu yetu haikuingia kwenye lile sanduku la juu ya mlango. Sanduku lilikuwa na kina cha kiganja, basi. Madame hakutaka kitu kingine kininginie ukutani. Alisema yeye ameleta mlango wa kisasa, hataki aonekane ametundika mzinga wa nyuki.

Monsieur Gérard akaniita, akaweka lile sanduku la bati mezani.

"Anselme, hii ni kazi yako. Utanifanyia transfo ndogo inaingia humu. Kama inatembea muzuri, tutaongea juu ya ile kazi yako."

Nilifurahi, nikaanza kulipima lile sanduku palepale.

Wakuu, kutengeneza transfoma kubwa ni rahisi. Ukiwa na shaka unaongeza chuma, unaongeza shaba, inakaa baridi. Ugumu uko kwenye ndogo. Ndogo inakulazimisha kuamua. Waya mnene haupati moto, lakini hauenei kwenye tundu. Waya mwembamba unaenea, lakini unapata moto. Ukiweka karatasi nyingi za kutenganisha matabaka, nafasi inakwisha. Ukiweka chache, koili zinagusana unaanza upya.

Monsieur Gérard alinifundisha hesabu yake, na alinifundisha vizuri, sitamdhulumu. Akapima mota inakula kiasi gani. Akaonyesha kwamba kwa nguvu ile, kwa kawaida kiini kingekuwa kikubwa kuliko sanduku letu. Halafu akatabasamu, akaweka penseli chini.

"Lakini fikiri. Mutu anapita mulango wakati gani? Anafika, pah, anapita. Transfo inafanya kazi kidogo, nyuma inapumuzika. Joto haina wakati ya kupanda. Njo maana tunaweza kuifanya ndogo."

Ikaniingia. Mpaka leo naona ni wazo zuri. Kitu kinachofanya kazi kwa vipindi vifupi kinaweza kuwa kidogo, kwa sababu mapumziko yanakula joto. Nilimtazama yule mzungu nikasema moyoni, huyu mtu anahesabu hata kupumua.

Nikaanza. Bamba za chuma nilizitoa kwenye transfoma mbovu za redio, nikazikata kwa mkasi wa bati, nikazisugua kingo. Koili ya kwanza niliyosuka ilinona tumboni kama mtu wa mjini, ikakataa kuingia kwenye tundu. Nikaifumua yote. Ya pili nilivuta waya kwa nguvu zaidi, nikabana kila tabaka kwa kipande cha mti laini, ikaingia kwa shida, kama mguu kwenye kiatu kipya. Nikaichovya kwenye vanishi, nikaikausha kwenye oveni ya karakana.

Tukaijaribu mezani kutwa nzima. Nakanyaga mkeka, natoka. Nakanyaga, natoka. Wenzangu wakanipita wakicheka, wakaniita mcheza ngoma. Transfoma ikabaki baridi.

Tukaenda kuufunga.

Kuna mkuu ameshaandika hapo chini "mwisho wa ukoloni ulikuwa na milango ya otomatiki, sisi leo tunasukuma". Haha. Mkuu, ulikuwa mmoja tu niliouona, na subiri uone ulivyotutesa.

Siku za kwanza zilikuwa sherehe. Wake wa maofisa walikuja kununua vitu wasivyohitaji. Wanaingia, wanatoka, wanaingia tena. Mlango unafunguka kwa heshima. Madame Irène alisimama nyuma ya kaunta amenyooka kama bibi harusi.

Jumamosi, siku ya soko, karakana ikaitwa. Mlango hauendi na sanduku linatoa harufu.

Nikafungua. Koili yangu ilikuwa nyeusi, vanishi imechuruzika kwenye fremu.

Nikaifungua skrubu, nikaishusha ikiwa bado ya moto.

Monsieur Gérard hakunigombeza. Akasema labda kuna tabaka liligusana, suka nyingine, na safari hii ongeza unene wa waya kidogo. Nikasuka nyingine usiku na mchana wa kazi, nikapunguza karatasi nikaweka ile ngumu zaidi, nikapata nafasi ya waya mnene kidogo. Tukaifunga. Jumatatu nzuri, Jumanne nzuri, juma zima nzuri. Wazungu wanaingia, wanatoka.

Jumamosi, moshi.

Sasa hapo, wakuu, hofu yangu ilichanganyika na kitu kingine. Kwa nini Jumamosi? Waya haujui siku. Chuma hakiendi sokoni.

Tukapima umeme wa mji, labda Jumamosi viwanda vinapumzika na volti zinapanda. Tukaweka kipimo, volti zilikuwa palepale. Tukafikiri mvua na unyevu, lakini ile Jumamosi ilikuwa kavu. Fyuzi haikukatika. Na kwa mafundi mtakaouliza: fyuzi iliwekwa ivumilie nguvu ya kusukuma mlango, kwa hiyo chochote kilichofanana na kusukuma iliona ni kazi halali.

Madame Irène akaja mwenyewe karakanani, na kofia yake.

"Gérard, mimi ninauza bitambaa, siuzi moshi. Kama inaungua tena, ninatoa huu mulango. Ninaweka mulango ya mbao na ninafungula dirisha yangu. Dirisha haina transfo."

Akaondoka. Monsieur Gérard akaniambia ukweli bila kuuzungusha. Transfoma mbili kutoka meza moja zimeungua. Ya tatu ikiungua hawezi kuandika kwamba mimi ni msukaji. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza zaidi.

Nilifika nyumbani sikuweza kula. Nsimire alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu imevimba.

"Unaogopa nini, umeme ao Madame?"

"Naogopa nyumba."

Akainyoosha ile miguu. Halafu akasema mama yake anakuja Jumamosi kutoka Mumosho kukaa naye mpaka ajifungue, na atapitia kwanza mjini kununua kitambaa cha kumpokelea mtoto. Nikasema sawa. Sikulifikiria tena.

Nikasuka ya tatu, ileile, sikubadilisha kitu. Nilimwomba Monsieur Gérard jambo moja tu. Sitaki kusubiri kuitwa. Jumamosi nataka kuwa pale juu ya ngazi, sanduku wazi, mkono wangu juu ya transfoma tangu asubuhi. Kama itaungua, nataka niijue saa inapoanza.

Akakubali. Nadhani na yeye alitaka kujua.

Basi Jumamosi nikapanda. Ngazi iliegemea kando ya mlango kwa ndani, mimi kule juu kama mlinzi wa kanisa. Kiganja juu ya chuma.

Asubuhi wazungu wachache. Mlango unafunguka, unafunga. Chuma baridi.

Halafu watu wa soko wakaanza kufika.

Akaja baba mmoja na kofia mkononi. Akakanyaga mkeka. Mlango ukafunguka. Hakuingia. Akasimama palepale, akakohoa kidogo, akatazama ndani, akangoja. Akaja mwenzake akasimama nyuma yake. Wakasalimiana, wakaulizana habari za nyumbani. Mwisho akaingia polepole akitazama pembeni.

Chuma kikawa vuguvugu.

Nikadhani anashangaa mlango. Wengi walikuwa wanaushangaa.

Kisha nikatazama chini nikamwona mama mkwe.

Wasiojua mila zetu wanielewe. Mimi na mama mkwe, kwa Warega wangu na kwa Bashi wa mke wangu vilevile, ni watu wa kuheshimiana kwa mbali. Huli mbele yake, humwiti, humtazami usoni, na hukai juu ya kichwa chake. Na mimi nilikuwa juu ya kichwa chake kabisa, miguu yangu usawa wa kilemba chake.

Nikageuza uso ukutani. Nikaomba asiniinulie macho.

Akakanyaga mkeka na miguu yake yote miwili. Mlango ukafunguka mbele yake.

Hakuingia.

Akasalimu, kwa sauti ya kuingilia nyumba ya watu. "Yambo ya humu ndani."

Madame Irène alikuwa anakunja vitambaa, hakuinua kichwa.

Mama mkwe akangoja. Nyuma yake wakapanga mstari kina mama wengine wa Mumosho na mizigo yao, wote wanangoja yeye aitwe ndipo na wao waitwe. Hakuna aliyesukuma, hakuna aliyelalamika. Akasalimu tena, taratibu zaidi.

Na chini ya kiganja changu chuma kikawa kikombe cha chai. Halafu sufuria. Nikasikia mota inanguruma kwa sauti ya chini, imeukaza mlango usirudi, imebana meno.

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilielewa vyote kwa mara moja.

Mota haili umeme mwingi inapotembea. Inakula zaidi inapozuiwa, inapoushikilia mlango wazi dhidi ya springi. Kwa mzungu kule kushikilia kunaisha mara moja, kwa sababu yeye akiona mlango wazi anapita, wazo lingine hana. Sisi mlango wazi haukutuambia kitu. Kwetu mlango wazi ni mwanzo tu wa mazungumzo. Unasimama kizingitini, unasalimu, unangoja mwenye nyumba aseme ingia. Usipongoja wewe ni mwizi au huna mama aliyekulea.

Na hawa ni watu waliotumikiwa dirishani maisha yao yote. Mlango ule haujawahi kuwa wa kwao. Sasa umefunguka wenyewe, hakuna mtu aliyeufungua, hakuna aliyewakaribisha. Ningekuwa mimi, ningesimama pia.

Hesabu yetu ilikuwa sawa kila namba. Tulimhesabu mtu asiye wa Kadutu, basi.

Lakini wakuu, kuelewa hakuzimi moto. Kiganja kilikuwa kinaniunguza, na mama mkwe bado yuko kwenye mkeka. Nifanyeje? Nimwambie mimi "ingia"? Kutoka juu ya kichwa chake? Ningeivunja ile heshima mbele ya kijiji chake kizima. Nisiposema, nyumba yangu ya Kadutu inageuka moshi ndani ya sanduku la bati.

Nikamgeukia Madame, nikasema kwa sauti ndogo kadiri nilivyoweza.

"Madame, tafazali, umuambie maman aingie."

Akainua kichwa. "Juu ya nini? Mulango iko wazi. Bako wanaangalia mashine."

"Hapana, Madame. Banangoja wewe useme."

Akanitazama kama anayehesabu kitu. Akamtazama mama mkwe. Akaweka kitambaa chini.

"Ingia, maman."

"Aksanti. Nilikuwa nangoja mutu aseme."

Akaingia, na mstari wote nyuma yake. Mlango ukajifunga. Mota ikanyamaza. Chuma kikaanza kupoa chini ya mkono wangu, polepole, na mimi nikaegemeza paji la uso kwenye ukuta nikacheka bila sauti mpaka ngazi ikatikisika.

Mama mkwe alipotoka na kitambaa chake hakutazama juu hata mara moja. Lakini najua aliniona. Viatu vyangu alivinunua yeye siku ya harusi.

Nilimweleza Monsieur Gérard jioni ileile. Alisikiliza mpaka mwisho, akatoa penseli sikioni, hakuandika kitu.

"Tulipima mulango," akasema. "Hatukupima watu."

Tukaanza kutafuta dawa. Yeye wazo lake la kwanza lilikuwa kibao chenye maneno "Ingieni". Nikamwambia wengi hawasomi, na wanaosoma watasimama palepale kukisoma. Akacheka, ilikuwa mara ya kwanza kumsikia. Madame akasema atakuwa anawaambia, lakini siku ya soko duka limejaa, atamwambia nani na atamsahau nani? Kupunguza mkeka, hapana. Transfoma kubwa, sanduku linakataa.

Mimi nilikuwa nang'ang'ania jambo moja. Sikutaka kumfundisha mama mkwe kuingia haraka. Nilitaka kuifundisha transfoma kungoja.

Swali nililomuuliza lilikuwa la kitoto. Kuusukuma mlango kunataka nguvu. Kuushika tu, ukiwa umeshafunguka, kunataka nguvu ileile?

Akafikiri. Akasema hapana, meno ya gia yanasaidia, nusu inaweza kutosha. Akapiga hesabu, na hapo akanifundisha jambo ambalo sijalisahau: mkondo ukipungua nusu, joto kwenye waya linashuka mpaka robo.

Basi kwenye koili ya pili, badala ya nyaya mbili za kutoka, tukatoa tatu. Moja katikati ya safari ya koili. Umeme wote kwa kusukuma, nusu yake kwa kushikilia. Na nani atabadilisha? Mlango wenyewe. Kwenye lundo la vyuma vikuukuu kulikuwa na friji iliyokufa, nikatoa kile kiswichi kidogo kinachozima taa ukifunga mlango wa friji. Nikakifunga mwisho wa reli. Mlango ukifunguka mpaka mwisho unakibonyeza, mota inahamia kwenye umeme mdogo, inashikilia bila kubana meno.

Nafasi ya ule waya wa tatu niliipata kwa kusuka upya koili nzima, tabaka kwa tabaka. Iliingia kwenye sanduku. Ukubwa uleule, kiganja.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa tena juu ya ngazi, na Monsieur Gérard chini, mikono nyuma. Watu wa soko wakaja. Wakakanyaga, wakasimama, wakasalimu, wakaulizana habari za ng'ombe, za ndoa, za mgonjwa wa kule Kasha. Mlango ukawasubiri. Madame Irène akawa anasema "ingia, ingia" kila akikumbuka, na alianza kukumbuka mara nyingi.

Chuma kikawa vuguvugu. Nikangoja kitambo. Hakikupanda zaidi ya hapo.

Monsieur Gérard akapanda ngazi, akaweka kiganja chake pembeni ya changu, akakiacha muda mrefu. Aliposhuka alisema tu, "Bon. Jumatatu utakuja kuandikwa."

Mkuu mmoja humu ananiuliza mota je, haikuungua? Swali zuri. Ilikuwa na mwili mkubwa wa chuma, ilivumilia zile Jumamosi mbili, lakini ilinuka. Ingekufa yenyewe baadaye.

Dirisha la kichochoroni Madame aliliziba kwa matofali kabla mvua hazijaanza. Nilimwona fundi akiliziba nilipokuwa napita kwenda kazini. Nilisimama kutazama mpaka nikachelewa.

Binti yetu alizaliwa Kadutu, kwenye ile nyumba, akapokelewa kwa kile kitambaa.

Sasa jambo la mwisho, ndilo lililonifanya niandike.

Mama mkwe alirudi dukani mara nyingine kabla hajapanda kwenda Mumosho. Jioni, mimi nikiwa nje na yeye ndani na mtoto, maana hatukukaa chumba kimoja, alimtuma Nsimire kuniuliza swali. Nsimire akaja mlangoni akicheka.

"Mama anauliza ule mulango, ni nani aliufundisha kungoja?"

Nikasema mwambie ni sisi, mimi na bwana wangu wa kazi, na waya mmoja.

Akaingia, akarudi. Safari hii hakuwa anacheka.

"Anasema aksanti. Anasema alisimama pale wakati murefu, na haukumufungia."

Nililia kidogo pale nje, gizani hakuna aliyeniona, na leo nawaambia nyinyi nisiowajua.

Mkuu uliyeuliza kuhusu transfoma yako, nimemaliza kukujibu. Kabla hujanunua kubwa zaidi, chukua kiti, vuka barabara, kaa siku nzima utazame watu wa duka lako wanafanya nini mlangoni. Labda kuna wauza chipsi wanaegemea. Labda kuna mzee anapumzika kivulini mbele ya kihisi cha mlango. Labda kuna mama anangoja mtu amwambie aingie. Ukishamjua, hesabu itakuwa nyepesi, na kama utakwama kwenye waya wa tatu niulize, bado nakumbuka.

Na nyinyi wengine mnaotengeneza vitu, hebu semeni: kifaa gani kiliwashinda mpaka mlipoacha kukitazama chenyewe mkamtazama mtu? Nipo, nasoma. Macho yangu ni ya polepole tu.